Jinsi ya kuunganisha simu na tarakilishi bila waya, na kuzitenganisha

KATIKA vituo vya intaneti, maarufu kama saiba, kando ya Barabara ya Naivasha mtaani Riruta, Nairobi, mteja wa siku hizi aghalabu haji kutafuta intaneti. Anayo tayari simuni. Analotaka ni kuchapishiwa stakabadhi iliyo humo: picha ya kitambulisho, wasifu wa kuombea kazi au cheti cha ushuru.

Waya wa USB ungetosha, lakini baadhi ya nyaya za bei nafuu huchaji simu tu wala hazipitishi data. Ndipo mawimbi yanapofaa.

Bluetooth ndiyo kongwe. Ilianza kubuniwa na wahandisi wa kampuni ya Ericsson nchini Uswidi mwaka wa 1994, na jina lake ni la Harald, mfalme wa Denmark katika karne ya 10. Mawimbi yake kwa kawaida hufika mita 10 hivi. Mtumiaji huiwasha katika simu na katika tarakilishi, huchagua jina la tarakilishi kwenye simu, kisha hulinganisha nambari inayotokea katika vioo vyote viwili kabla ya kukubali. Nambari hiyo si pambo, kwani katika majengo yaliyosongamana, tarakilishi ya jirani pia huonekana.

Hapa ndipo wengi hukwama. Tarakilishi ya Windows hukataa faili hadi mwenyewe afungue sehemu ya kupokea faili katika mipangilio ya Bluetooth. Simu husema imeshindwa, na mteja hudhani imeharibika. Aidha, njia hii ni ya polepole: video ya megabaiti 100 huweza kuchukua zaidi ya dakika sita.

Wi-Fi ina kasi kubwa zaidi. Simu na tarakilishi zikiwa kwenye mtandao mmoja, programu kama Quick Share hupitisha faili baina yake bila kula bando. Pasipo Wi-Fi, simu yenyewe huweza kuwa kituo kwa kuwasha mtandaopepe, uwezo ambao simu za Android zilipata mwaka wa 2010. Hata hivyo, tarakilishi ikiingia intaneti kupitia simu hiyo, bando ndilo hulipa, na Windows inaweza kulimaliza kimyakimya ikijisasisha. Heri kuiarifu mapema, katika mipangilio ya Wi-Fi, kwamba mtandao huo hulipiwa kwa kipimo.

Njia iliyozoeleka zaidi, na yenye hatari zaidi, ni WhatsApp ya tarakilishi, iliyozinduliwa mwaka wa 2015. Mteja huelekeza kamera ya simu kwenye msimbo wa QR, na mazungumzo yake hutokea kiooni. Awali simu ilipozimwa, tarakilishi nayo ilinyamaza. Tangu mabadiliko ya 2021 sivyo tena: tarakilishi huendelea kupokea ujumbe hata mwenye simu akiwa amefika nyumbani Kabiria na kulala. Programu ya Phone Link ya Microsoft huenda mbali zaidi, maana huonyesha hata ujumbe mfupi, ukiwemo wa M-Pesa na nambari za siri za kuthibitisha akaunti. Haifai kabisa kuwekwa katika tarakilishi ya umma.

Sheria ya Kenya ya 2018 kuhusu uhalifu wa mitandao humtoza anayeingia katika mfumo wa mwingine bila idhini faini isiyozidi Sh5 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini kesi huja baada ya hasara.

Kabla ya kuondoka saiba, mteja hufungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa katika WhatsApp na kuiondoa tarakilishi hiyo, kisha hufuta jina lake katika Bluetooth. Linalosahaulika mno ni faili yenyewe: nakala ya kitambulisho hubaki katika folda ya vilivyopokewa, na ikifutwa hapo bado hukaa katika pipa la taka la tarakilishi hadi pipa hilo nalo limwagwe.