Comet na Cortina: Mambo ya cc na Matope

Kwenye gereji moja hapa Otonglo, kando ya barabara ya kwenda Busia, mabishano ni yaleyale kila siku: gari lako ni cc ngapi? Mwenye V8 anaongea, mwenye Vitz ananyamaza. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo muda wa kukaa na kusikiliza ninao. Siku moja jaduong' anayetengeneza breki pale alinikatiza: "Nyathina, cc hazikutoi kwenye matope. Nenda usome mambo ya Comet."

Nikasoma.

Ni mwaka wa 1964, Pasaka. East African Safari, mbio zilizoanza 1953, zinafanyika kwa mara ya kwanza tangu Kenya ipate uhuru. Ni karibu kilomita 5,000 za vumbi, mawe na mvua. Ford wana magari ya aina mbili. Kutoka Marekani kuna Mercury Comet, yameandaliwa na Bill Stroppe wa California. Kutoka tawi la Uingereza kuna Ford Cortina GT. Mwenye mali ni mmoja, magari ni mbingu na ardhi.

Tuanze na karatasi, vile wasee wa gereji wanapenda. Comet: V8 ya lita 4.7, nguvu za farasi zaidi ya 200, uzito zaidi ya kilo 1,200. Cortina GT: silinda nne, lita 1.5, nguvu za farasi karibu 80, uzito karibu kilo 800. Tena Comet haikuwa gari la maneno matupu. Mwaka wa 1963, huko Daytona, magari ya Comet yalikuwa yamezunguka uwanja kwa maili 100,000, mwendo wa wastani ukipita kilomita 160 kwa saa. Kama ungekuwa mtu wa kubeti, ungeweka pesa wapi?

Magari 94 yaliondoka. Yaliyomaliza ni 21. Mshindi alikuwa Cortina GT ya Peter Hughes na Billy Young, madereva wa hapa Kenya. Kati ya Comet sita, mbili tu ndizo zilirudi: moja nambari 18, nyingine nambari 21. Ya mwisho kabisa.

Daytona ni lami, hakuna shimo, hakuna mto uliofurika. Kwenye udongo mweusi nguvu nyingi huzungusha tairi tu, na gari likizama, ni watu wawili ndio wanashuka kulisukuma. Hapo kilo 400 za ziada si hesabu ya kitabuni. Ni mgongo wako.

Mwaka uliofuata, 1965, Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, fundi mwenyewe, alishinda na ndugu yake Jaswant. Gari lao? Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika na wengine. Yaani mtumba.

Nilimrudishia jaduong' habari hizi, nikidhani nitamshangaza. Alikuwa ameinama chini ya V8 ya kijana mmoja. Akamuuliza mwenyewe, "Barabara ya kwenu iko na lami?" Kijana akacheka, akasema bado. Upande wa Kisian mvua ilikuwa imeshaanza kushuka.