Kihami Joto Chini ya Sakafu ya Tanuri

Anayejenga tanuri la piza uani kwake huelekeza mawazo kwenye kuba: duara litoke sawa, tao la mlango lisimame, moshi upate njia. Sakafu huja mwishoni, na kilicho chini ya sakafu mara nyingi hakipewi nafasi kabisa. Hapo ndipo matanuri mengi mazuri kwa macho hushindwa kazi. Piza ya Napoli huiva kwa sekunde 60 hadi 90 ndani ya tanuri lenye joto lipitalo nyuzi 400 za Selsiasi. Katika muda huo mfupi, uso wake hupikwa na miali ya moto na joto linaloshuka kutoka kwenye kuba, lakini tako lake hupikwa na tofali linaloligusa, basi. Tofali likipoa, jibini huungua juu huku unga wa chini ungali mbichi, na kuongeza kuni huzidisha tatizo upande wa juu tu.

Kinachoipoza sakafu ni zege lililo chini yake, ambalo hulinyonya joto saa zote moto unapowaka. Kinachohitajika kati ya viwili hivyo ni kihami joto.

Istilahi hii ni ya vitabu vya fizikia. Wanafunzi wa umeme huijua: kipitishi hupitisha, kihami hakipitishi. Mzizi wake ni kitenzi *hami*, chenye asili ya Kiarabu, yaani kulinda au kukinga. Ninasisitiza mzizi huo kwa sababu kuna *hama*, kitenzi cha Kibantu, kinachozaa *hamisha*. Mtu akiandika “uhamishaji wa joto” akikusudia kinga, amesema kinyume chake kabisa: amesema joto linatolewa hapa na kupelekwa pale. Tendo la kukinga liitwe uhami joto, na kitu kinachokinga kiitwe kihami joto. “Kizuia joto” hueleweka pia, lakini wauzaji hulitumia kwa chochote kisichoungua, na hilo huleta hasara.

Kustahimili moto, kutunza joto na kuhami joto ni kazi tatu mbalimbali. Tofali la tanuri, lile gumu la udongo maalumu wanalonunua wenye matanuri ya viwandani, hustahimili moto kwa sababu haliyeyuki wala halipasuki kwa urahisi. Hutunza joto pia, kwa kuwa ni zito, na ndiyo maana linafaa kuwa uso wa sakafu. Lakini halihami. Ukiongeza safu ya pili ya matofali hayo chini ya ya kwanza, utakuwa na mzigo mkubwa zaidi wa kupasha kabla ya kuoka, na joto litaendelea kushuka vilevile. Nimesikia mafundi wakiisifu safu hiyo ya pili kama kinga. Si kinga.

Uhami hupimwa kwa kiwango cha upitishaji joto, katika wati kwa mita kwa kelvini. Namba ikiwa ndogo, kinga ni kubwa. Zege la kawaida lina takriban 1.5. Tofali gumu la tanuri huwa karibu na 1. Hewa iliyotulia ina 0.026 tu, na siri yote ya vihami ni hiyo: kufunga hewa katika vijitundu vidogo isiweze kuzunguka. Zege la pelaiti au la vemikulaiti, linalochanganywa kwa ndoo 5 za chembe za mojawapo ya madini hayo mawili mepesi na ndoo 1 ya saruji, huwa kati ya 0.1 na 0.2. Kwa hiyo sentimita 10 za zege hilo, likiwa na 0.15, hukinga sawa na mita nzima ya zege la kawaida. Bodi ya kalisiamu silikati ni bora zaidi: sentimita 5 zake hufanya karibu kazi ileile, nayo ni ngumu kiasi cha kubeba matofali na kuba bila kubonyea.

Kubonyea si jambo dogo. Blanketi la nyuzi za kauri huhami vizuri mno, na juu ya kuba hakuna kinachofaa zaidi, mradi fundi avae barakoa anapolikata. Chini ya sakafu hugandamizwa na uzito, hewa hutoka, na matofali huanza kupanda na kushuka. Povu la plastiki nalo lisikaribie tanuri hata kidogo; hulainika na kunywea kwa joto lililo chini sana ya lile la kuokea piza.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, vemikulaiti si kitu cha kigeni. Ni madini yenye tabaka nyembamba, ambayo yakipashwa ghafla hutanuka kwa sababu maji yaliyo katikati ya tabaka hugeuka mvuke. Yamechimbwa Namekara, mashariki mwa Uganda, na katika jiko la kauri lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, vemikulaiti na saruji ndivyo vilivyowekwa kati ya chungu cha udongo na bati la nje. Mwenye jiko hilo tayari ana kihami nyumbani. Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna diatomaiti, mwamba mweupe mwepesi uliotokana na magamba ya viumbe wadogo mno wa ziwani. Vinyweleo vyake vimejaa hewa, na mwamba huo hutumika kutengeneza matofali ya kuhami. Ningeulizia hivyo kabla ya kuagiza bodi kutoka ng’ambo.

Mpangilio wa tabaka ni huu, kutoka chini: jukwaa, bamba la zege lenye nondo, kihami, kisha matofali. Wapo wanaoweka kihami chini ya bamba. Wakifanya hivyo bamba lote hugeuka sehemu ya sakafu, moto wa asubuhi huishia kulipasha, na zege likipita nyuzi 300 huanza kupoteza nguvu.

Kisha kuna maji. Upitishaji joto wa maji ni takriban 0.6, zaidi ya mara ishirini ya hewa, hivyo kihami kilicholowa si kihami tena mpaka kikauke. Zege la vemikulaiti hushika maji mengi na hukauka kwa wiki kadhaa. Toboa vitundu vichache kwenye bamba la chini ili unyevu upate pa kutokea, ezeka paa kabla ya masika, na uanze na mioto midogo kwa siku kadhaa, ukiongeza kuni taratibu, hadi mvuke ukome kutoka.