Mionzi ya asili: kutoka jiwe la Uluguru hadi tofali la Kilosa

Ukitoka Mikumi kuelekea Morogoro mjini, ukaimaliza tambarare ya Mkata na tembo wake, mbele yako huchomoza Milima ya Uluguru. Tunaifahamu kwa ndizi, mboga na maji yanayoteremka kwenda Ruvu hadi Dar es Salaam. Ni wachache wanaojua kuwa milima hiyo imo pia katika historia ya kemia ya dunia.

Enzi za Wajerumani, Uluguru ilichimbwa ulanga, yale madini ya maganda yanayong'aa. Katika machimbo hayo yakapatikana mawe meusi, mazito kupita kiasi, yenye urani. Ilikuwa miaka michache tu tangu Henri Becquerel agundue huko Paris, mwaka 1896, kwamba urani hutoa mionzi bila kuchochewa na chochote. Mwaka 1906 mkemia Mjerumani Willy Marckwald akaeleza madini mapya ya njano yaliyotokana na kuchakaa kwa mawe yale meusi. Akayaita rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, na hadi leo Morogoro ndiyo inayotajwa kuwa asili yake.

Kisha mawe yakafika Vienna. Mnamo 1914–1915 mkemia Otto Hönigschmid na mwenzake Stefanie Horovitz waliyayeyusha, wakatoa risasi iliyokuwamo, wakaisafisha tena na tena, wakaipima. Risasi ya kawaida ina uzito wa atomi wa 207.2. Hii ya Morogoro ilikuja na takribani 206.05. Tofauti hiyo, ambayo muuza nyanya asingeihangaikia, ilithibitisha kwamba elementi moja inaweza kuwa na atomi za uzito tofauti. Mkemia Frederick Soddy alikwisha kuzipa jina la isotopu mwaka 1913, na Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1921 ikawa yake. Horovitz, Myahudi wa Poland, aliuawa na Wanazi katika kambi ya Treblinka mwaka 1942, na jina lake likasahaulika kwa miaka mingi.

Mjenzi wa Kilosa, mkoani Morogoro, yanamhusu nini haya? Yanamhusu, kwa sababu urani haikubaki milimani tu. Yenyewe, thoriamu na potasiamu yenye mionzi zimo, kwa chembe ndogo mno, katika kila udongo na kila kokoto. Fundi anayekanda udongo kwa miguu, akaubamiza kwenye kibao, akaanika tofali chini ya nyasi, akapanga tanuru na kulikandika tope kabla ya kuwasha kuni, anashika mionzi hiyo kila siku. Moto wa tanuru hauiondoi. Wala si jambo la kumkosesha mtu usingizi: mionzi ya kiasi hicho imekuwa nasi tangu enzi za nyumba za miti na udongo.

Shida huanza kiwanda kinapotumia mwamba wenye mionzi mingi, au kinapochukua kinachokitaka na kutuachia kilichobaki. Sweden walijifunza kwa gharama. Kuanzia 1929 hadi 1975 walitengeneza zege jepesi la rangi ya buluu kwa kutumia mwamba wenye urani nyingi, wakajengea nyumba kwa maelfu. Baadaye ikajulikana kwamba kuta zilikuwa zinatoa gesi ya radoni, ambayo huchangia saratani ya mapafu.

Kwetu, mfano wa karibu ni fosfeti ya Minjingu, mkoani Manyara, ambayo ina urani kuliko udongo wa kawaida. Mwaka 2000 watafiti wa Tanzania walichapisha vipimo vya mionzi ya mgodi huo. Fosfeti yoyote ikipikwa kwa asidi ya salfuriki ili kutoa mbolea, sehemu kubwa ya radiamu, inayotokana na urani, hubaki kwenye jasi inayotupwa. Saruji nayo huhitaji jasi kidogo ili isigande upesi, na hapo ndipo taka ya kiwanda cha mbolea inapoweza kupata njia ya kuingia ukutani. Marekani iliiwekea jasi hiyo ya fosfeti masharti makali mwaka 1989.

Wilayani Kilosa kuna kiwanda cha sukari cha Ruembe, na viwanda vya sukari huchoma makapi ya miwa kupata mvuke. Majivu yake yanaweza kuchanganywa na saruji kutengeneza tofali za bei nafuu. Mimi siyaweki kapu moja na jasi ya fosfeti. Muwa hufyonza potasiamu nyingi, na katika hesabu inayotumika kupima vifaa vya ujenzi, potasiamu huzidishwa kwa 0.077 tu, wakati thoriamu huzidishwa kwa 1.43 na radiamu huhesabiwa yote. Jumla isizidi bekereli (kipimo cha mionzi) 370 kwa kilo. Hata hivyo, kukisia si kupima.

Sheria ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, yenye kazi ya kusimamia mionzi nchini. Anayetaka kufyatua tofali za majivu Kilosa, Kidodi au Mikumi apeleke kwanza sampuli kwa Tume, adai namba tatu: radiamu, thoriamu na potasiamu. Na halmashauri isitoe kibali cha kiwanda cha tofali kabla ya kuziona namba hizo.