UZI: Kuzima netiweki jela. Ahadi inayorudi kila msimu

Juzi hapa mjadala uliwaka. Mmoja aliandika kwamba serikali ikitaka kweli, netiweki ya jela ya Naivasha inazimwa leo na utapeli wa simu unaisha kesho. Watu wakashangilia. Niliahidi kuandika uzi, huu hapa. Sitataja mwanasiasa wala chama, maana ahadi hii imetolewa na watu wa pande zote.

Nianze kwa kukiri kitu. Shangazi yangu wa Njoro aliwahi kupigiwa simu akaambiwa mtoto ameugua shuleni, atume pesa ya hospitali haraka. Akatuma. Mtoto alikuwa darasani anaandika mtihani. Kwa hivyo mkisema mna hasira na matapeli, nawaelewa vizuri sana. Lakini hasira haijui mawimbi ya simu yanafanya kazi vipi.

Sasa historia.

Ujumbe kuvuka ukuta wa jela ni jambo la zamani kuliko simu. Kanuni za magereza tulizorithi kwa mkoloni ziliijua barua tu. Mfungwa akiandika, afisa anasoma kabla haijatoka. Akiandikiwa, afisa anasoma kabla hajapewa. Na bado maneno yalitoka. Ngũgĩ wa Thiong'o, alipozuiliwa Kamiti bila kesi mwaka 1978, aliandika riwaya nzima kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni. Alipoachiliwa ikachapishwa. Hata kwenye ukuta mkali kuliko yote nchini, mambo yalipita.

Simu ya mkononi ilipoingia jela mwanzoni ilikuwa kama ile barua tu, kitu cha kusalimia nyumbani. Kilichobadilisha mchezo ni Machi 2007, M-Pesa ilipozinduliwa. Ghafla kale kasimu ka mulika mwizi kakawa benki. Mtu aliye ndani, ambaye hawezi kufungua hata mlango wa chumba chake, anaweza kupokea pesa kutoka Molo, Gilgil au Mombasa kwa dakika moja. Hapo ndipo "Kamiti" ilipogeuka kutoka jina la mahali ikawa jina la kazi. Ukipata SMS ya "umeshinda" siku hizi, hata watoto wanasema ni Kamiti.

Mwaka uliofuata, 2008, una mambo mawili ambayo watu wa mjadala huu huwa wameyasahau.

La kwanza, Aprili: askari jela waligoma katika jela nyingi nchini, wakilia kuhusu marupurupu na nyumba wanazoishi. Wekeni hilo akilini, nitalirudia.

La pili, Novemba: televisheni zilionyesha video ya wafungwa wa Kamiti wakipigwa na askari wakati wa msako wa vitu vilivyokatazwa, simu zikiwemo. Nchi ikashtuka. Fikirieni kidogo hapo. Msako ni wa kutafuta simu, halafu tumejua kilichotokea kwa sababu kuna mtu alirekodi video ikavuka ukuta. Kwa hivyo picha na sauti zikitoka jela, si lazima zitoke kumwibia shangazi yangu. Wakati mwingine zinatoka kwa sababu kuna mtu anaumizwa na hakuna mwingine wa kushuhudia.

Baada ya hapo serikali ilijaribu njia ya laini. Usajili ulianza 2010, laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa mwisho wa 2012, na kanuni rasmi zikaja 2015. Wazo lilikuwa zuri: kila laini iwe na mwenyewe. Lakini sote tunajua wale vijana wa mwavuli waliokuwa wanasajili laini kando ya barabara. Kitambulisho chako kingeweza kuzaa laini tatu bila wewe kujua, na mojawapo ikaishia mahali usipopajua.

Na hapa Bonde la Ufa tusijifanye hatujui: utapeli wa simu hauishi jela peke yake. Mulot, pale mpakani mwa Bomet na Narok, polisi wamekamata washukiwa wa wizi wa laini mara nyingi tu, na hakuna ukuta wala mnara wa askari. Ukizima jela zote usiku wa leo, Mulot inaamka kesho kama kawaida.

Haya, tuje kwenye mashine yenyewe.

Mtambo wa kuziba netiweki "hauzimi" chochote. Unapiga kelele. Unatoa mawimbi kwenye masafa yale yale ambayo simu yako inatumia kuongea na mlingoti, ili simu isisikie kitu. Ni kama kujaribu kuongea na jirani huku matatu ya Kaptembwa imefungulia muziki kando yenu. Na kelele haijui mpaka wa kiwanja. Ukitaka ifike kila kona ya jela kubwa kama Naivasha, kuna mahali itavuka ukuta. Ukiipunguza isivuke, kuna kona zitabaki na netiweki, na niaminini, wafungwa watazijua kona hizo kabla ya mkuu wa jela.

Nani anaumia kwanza? Si mfungwa. Ni familia ya askari. Askari jela wetu wanaishi kwenye nyumba za kazi, ndani ya kiwanja hicho hicho cha jela. Mke wa askari anayejifungua usiku, mtoto wake anayetumiwa karo kwa simu, wote wako ndani ya ile kelele. Kisha jela kama Nakuru GK, ambayo mji umekua kuizunguka: kuna mama mboga anayelipwa kwa simu, kuna boda anayengoja kuitwa. Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, na jiji halisogei kando kupisha mtambo.

Tena mtambo unazeeka. Uliojengwa kuziba masafa ya 2007 haujui lolote kuhusu 4G iliyokuja Kenya mwishoni mwa 2014, wala 5G. Kila kampuni ikiongeza masafa, jela inanunua upya. Hiyo zabuni haiishi, na wenye kuzipenda zabuni zisizoisha mnawajua.

Wenzetu walifanyaje? Uingereza walitunga sheria mahususi mwaka 2012 inayoruhusu kuingilia simu ndani ya magereza. Ndani yake kuna kitu ninachokipenda: lazima kuwe na idhini iliyoandikwa, mdhibiti wa mawasiliano ajulishwe, na mawimbi yakivuka kwenda kwa majirani mtambo urekebishwe au uzimwe. Mwaka 2015 wakaongeza njia nyingine, mahakama kuamuru kampuni ikate simu inayotumika jela. Na huku wakaweka simu halali kwenye vyumba vya wafungwa katika magereza mengi, zinazopiga namba zilizoidhinishwa tu.

Marekani wameenda upande mwingine. Sheria yao ya mawasiliano imekataza mitambo ya kuziba miaka yote hii, hata kwa magereza ya majimbo. Si kwamba hawana shida. Mwaka 2010, South Carolina, afisa wa gereza alipigwa risasi nyumbani kwake kwa agizo lililotoka ndani kwa simu ya magendo. Alipona, na amekuwa akipigania mitambo hiyo tangu hapo. Nisingethubutu kumwambia mtu kama huyo kwamba hoja yake ni ya kipuuzi. Nchini Brazil majimbo yaliamuru kampuni za simu ziweke mitambo kwenye magereza, na mwaka 2016 mahakama yao ya juu ikasema majimbo hayana mamlaka hayo.

Kwetu je? Sheria ya Magereza, Sura ya 90, iliandikwa simu ya mkononi haijazaliwa. Inaadhibu kumpelekea mfungwa vitu vilivyokatazwa, basi. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998 inataka mitambo ya redio iwe na kibali, na mtambo wa kuziba netiweki ni mtambo wa redio. Juu ya zote kuna Katiba: Kifungu cha 51 kinasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezekani kabisa akiwa kifungoni. Na msisahau wale wa rumande, wengi tu, ambao hakuna hakimu aliyewaambia wana hatia. Wanahitaji wakili. Wanahitaji mtu nyumbani atafute mdhamini.

Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani aseme "tutazima", muulizeni anazima kwa kanuni gani. Nani anatia sahihi? Mtambo ukimharibia jirani, analalamika wapi, na nani analazimika kumjibu? Jela zilianza kusikiliza kesi kwa video tangu korona ya 2020. Hiyo mashine ya korti nayo itapita wapi? Na simu halali ya mfungwa iko wapi, ile ya kupiga nyumbani kwa foleni, namba ikiwa imeandikwa kitabuni?

Halafu kuna swali ambalo hakuna mgombea analipenda. Simu hazioti kwenye shamba la jela. Zinapita langoni, na langoni kuna mtu. Ndiyo maana niliwaambia mweke akilini mgomo wa Aprili 2008. Simu moja ikiingia inamlipa mtu pale mlangoni, na mtambo wa bei yoyote utawekwa chini ya ulinzi wa mtu huyo huyo. Swichi yake iko ndani. Nani atakuwa na ufunguo wa hicho chumba saa nane usiku?

Mwenye ndugu aliyewahi kufanya kazi Naivasha au Nakuru GK, nijazie hapo chini. Hasa kuhusu zile nyumba za askari. Majina msiandike.