Yohana Aliingilia Mlango Gani?

Mwaka 1968 wajenzi waliokuwa wakichimba ardhi huko Giv'at ha-Mivtar, kaskazini mwa Yerusalemu, walikuta makaburi ya kale yaliyochongwa ndani ya mwamba. Mlikuwa na masanduku ya mawe ya kuhifadhia mifupa, kama ilivyokuwa desturi ya Wayahudi wengi wa Yerusalemu katika karne ya kwanza: maiti ililazwa pangoni hadi nyama ikaisha, kisha ndugu wakarudi kukusanya mifupa na kuitia sandukuni. Katika sanduku moja ulikuwamo mfupa wa kisigino uliopigiliwa msumari wa chuma wenye urefu wa sentimita 11 na ushei. Ncha ya msumari ilikuwa imepinda, na mabaki ya mti yalikuwa bado yameushikilia. Mtu huyo alisulubiwa, na walipomtelemsha waliomzika walishindwa kuuchomoa msumari. Ubavuni mwa sanduku mkono usio wa fundi ulikuwa umeparuza jina lake: Yehohanan.

Ndilo jina lile lile tunaloliita Yohana, katika umbo lake refu. Sehemu ya kwanza ni jina la Mungu wa Israeli, ya pili ni kitenzi cha kufadhili, kwa hiyo maana yake ni kwamba Mungu amefadhili. Tangu zamani Waebrania wenyewe walilifupisha wakasema Yohanan. Katika kitabu cha Yeremia yumo Yohanani mwana wa Karea, kamanda aliyemwonya liwali Gedalia kuwa anatafutwa auawe, asisikilizwe. Baadaye kuhani mkuu Yohanan Hyrcanus, aliyetawala Yudea kuanzia mwaka 134 hadi 104 kabla ya Kristo, alilipiga jina hilo, katika umbo lake refu, kwenye sarafu zake. Kufikia zama za Warumi lilikuwa miongoni mwa majina ya kiume yaliyotumika sana Yudea. Ndiyo maana katika Injili ya Luka majirani wa Zakaria na Elisabeti hawakulishangaa jina lenyewe. Kilichowashangaza ni kwamba katika ukoo ule hakuna aliyewahi kuitwa hivyo. Baba mtu, bubu kwa wakati huo, aliomba kibao na kukata shauri kwa maandishi.

Kutoka hapo jina lilienea duniani likavaa sura ambazo mtu asiyeambiwa hawezi kudhani ni ndugu: Ivan, Juan, Hans, Seán, Giovanni, Hovhannes, Yahya, Ian. Kwa kawaida watu huzisoma sura hizo kama alama za dini au za taifa: Ivan ni Mrusi, Yahya ni Mwislamu, John ni Mzungu au aliyebatizwa na Wazungu. Ushahidi wa historia unasema jingine. Umbo la jina hili ni kumbukumbu ya aliyelikabidhi: lugha ya kinywa kilicholitamka na ya aliyelisikia. Imani na taifa huambatana na kinywa hicho mara nyingi, lakini si daima, na pale vinapoachana ndipo tunapoona kipi hasa kililiunda jina.

Tuanze na Wagiriki, maana kwao jina lilipata pigo la kwanza. Maandishi yao hayakuwa na herufi ya kuonyesha sauti ya h katikati ya neno, na jina la mwanamume lilihitaji mwisho utakaoliwezesha kubadilika katika sentensi. Yohanan akawa Ioannes. Waandishi wa Kilatini, wakijua asili yake, wakairudisha h kwa kalamu: Iohannes. Herufi J ilikuwa bado haijatengana na I. Hilo lilikuja kutulia tangu karne ya 16. Hiyo h ndiyo iliyojilaza hadi leo katikati ya John, hakuna anayeitamka wala anayethubutu kuifuta. Kutoka Kilatini wakapatikana Giovanni wa Italia, João wa Ureno, Juan wa Hispania na Jehan wa Ufaransa ya zamani, aliyekuja kuwa Jean. Kwa Wajerumani Johannes alikatwa kichwa, akabaki Hans.

Ulaya ya mashariki ndiyo inayoipima hoja hii vizuri. Wapolandi walibatizwa mwaka 966 kutoka upande wa Roma, nao husema Jan. Watu wa Kyiv walibatizwa mwaka 988 kutoka Constantinople, na kwa njia ya Kigiriki warithi wao, Warusi na Waukraine, wana Ivan. Mtu atasema hapo: basi ni dini, Wakatoliki ni Jan na Waorthodoksi ni Ivan. Lakini Wakroatia ni Wakatoliki kwa karne nyingi, na Ivan ni miongoni mwa majina yao ya kawaida kabisa. Majirani zao Waserbia ni Waorthodoksi, na pamoja na Ivan wanalo Jovan. Mpaka wa majina haukufuata mpaka wa makanisa. Ulifuata lugha, na lugha zile za Kislavoni zilipakana na kuazimana bila kumwomba askofu ruhusa.

Ireland nayo ina sura mbili za jina hili ndani ya kisiwa kimoja. Ya kwanza ni Eoin, iliyotokana na Kilatini cha watawa wa mwanzo. Ya pili ni Seán. Hii ilitoka kwa Wanormani waliovamia kisiwa mwaka 1169, na walisema Kifaransa chao cha Jehan. Kiayalandi hakikuwa na sauti ile ya j, kikaweka sh. Imani ni ile ile, mtakatifu ni yule yule, lakini mmoja aliletwa na kitabu cha sala na mwingine na askari wenye deraya. Maelfu ya kilomita kutoka hapo, Hawaii, mambo yalijirudia karne ya 19: Biblia ya Kihawaii ina Ioane, lakini mtaani kuna Keoni, kwa sababu wenyeji walisikia John kutoka kwa Waingereza na Wamarekani, na lugha yao haina j. Wamaori wa New Zealand wana Hoani katika Injili na Hone katika maisha ya kila siku. Chifu wao Hone Heke, aliyekata mlingoti wa bendera ya Waingereza mara kadhaa kule Kororāreka, mwaka 1844 na 1845, alikuwa amebatizwa kwa jina lililotoka kwa Waingereza hao hao.

Sasa kipingamizi kizito kuliko vyote, na kwa wasomaji wa Kiswahili ndicho kilicho karibu zaidi: Yahya. Wapo wanaosema hili si umbo la Yohana hata kidogo, ni jina jingine. Wana sababu mbili zisizo za kubezwa. Kwanza, Kiarabu kinayo Yuhanna, inayofuata Yohanan kwa karibu zaidi, na Wakristo wa Kiarabu huitumia. Kama Yahya lingekuwa jina hilo hilo, Yuhanna lingehitajika kwa nini? Pili, sura ya Maryam, aya ya 7, inasema hapakuwa na aliyepewa jina hilo kabla ya mwana huyo wa Zakaria, ilhali akina Yohanan walikuwa tele. Tena sikio la Mwarabu husikia ndani ya Yahya kitenzi cha kuishi, si cha kufadhili. Kuhusu aya, wafasiri wa Kiislamu wenyewe hawakuwa na kauli moja. Wapo waliosema ni jina lenyewe ndilo lililokuwa jipya, na wapo waliosema maana yake ni kwamba hakuwahi kuwapo mfano wake. Hilo ni lao kulijadili. Kwa mwanahistoria, ushahidi ulio wazi ni matumizi ya watu.

Na matumizi hayana utata. Mwanafalsafa Mkristo wa Aleksandria wa karne ya 6, Ioannes Philoponos, alipoingizwa katika vitabu vya Kiarabu aliitwa Yahya al-Nahwi, yaani Yahya Mwanasarufi. Walioandika hivyo walijua fika wanamtaja Mgiriki aliyeitwa Ioannes, na waliona Yahya ndilo jina lake kwa Kiarabu. Huko Baghdad, mwanafunzi mashuhuri wa mwanafalsafa al-Farabi aliyefariki mwaka 974 alikuwa Yahya ibn Adi, Mkristo wa kanisa la Kisiria. Wamandea wa Irak, ambao si Wayahudi, si Wakristo wala si Waislamu, humheshimu mno Yohana Mbatizaji, yule mwana wa Zakaria, na humwita kwa majina yote mawili, Yuhana na Yahya, katika vitabu vyao. Na katika Msikiti wa Umayya mjini Damascus, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 8 mahali palipokuwa na kanisa la Mbatizaji, limo kaburi ambalo wenyeji wanaamini ni la kichwa cha Nabii Yahya. Tarehe 6 Mei 2001 aliingia humo Papa Yohane Paulo wa Pili, papa wa kwanza kujulikana kuingia msikitini, akasimama mbele ya kaburi hilo akijua ni la somo wake. Wenyeji wake nao hawakuwa na shaka. Mwanaisimu ana haki ya kuuliza jinsi n ya Yohanan ilivyopotea. Lakini kudai kwamba Yahya na Yohana ni watu wawili, au majina yasiyohusiana, ni kuwakana waliolitumia kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Kwetu jina lina milango kadhaa, na hapa uhondo ni mwingi. Yahya lilikuwa mwenyeji wa mwambao zamani kabla ya misheni za karne ya 19. Wamisionari wawili wa kwanza waliokuja kwa niaba ya chama cha Kianglikana walikuwa Wajerumani, na kwa sadfa ya ajabu wote wawili walibeba jina hili: Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann aliyemfuata mwaka 1846 wakaanzisha kituo Rabai. Kiswahili cha Biblia kikaja na Yohana, jina linaloishia kwa irabu kama neno jingine lolote la lugha. Wakatoliki wa Tanzania wakashika Yohane. Irabu moja tu, a au e, na msikilizaji mzoefu anajua aliyejiita hivyo alifundishwa katekisimu upande gani. Nikiri kwamba hapa dini na umbo vimeshikamana. Lakini hata hapa kilichotofautisha ni meza ya mfasiri, maana imani juu ya Mbatizaji haitofautiani kwa irabu. Waganda wana Yokana kwa Waprotestanti na Yowana kwa Wakatoliki. Mmoja wa mashahidi wao, Yowana Maria Muzeeyi, aliuawa Januari 1887. Rwanda imejaa akina Jean Bosco, jina la padri Mwitaliano, Giovanni Bosco, lililopita Ufaransa na Ubelgiji kabla ya kufika Kigali. Ulaya nako a yetu ya mwisho inaleta vituko: Johana huko ni mwanamke, na Mtanzania mwenye ndevu zake atatafutwa katika orodha ya kina mama.

Siku hizi wapo wahubiri wanaotaka turudi kwenye asili, tuache Yohana na John, tuseme Yohanan. Jibu lao limechongwa kwenye lile sanduku la Giv'at ha-Mivtar. Mtu wa Yerusalemu aliitwa Yehohanan wakati wenzake wa mji huo huo waliitwa Yohanan, wala hakuna aliyedai mmoja wao amepotoka.

Kuna lawama nyingine yenye uzito zaidi, kwamba John na Jean ni majina ya ukoloni, yaliyobandikwa juu ya majina ya mababu. Upo ukweli mchungu humo. Katika shule na misheni nyingi mtoto hakuandikwa hadi apewe jina la Kizungu. Jomo Kenyatta alipobatizwa Thogoto mwaka 1914, wasifu wake unasimulia kwamba alitaka kuitwa John na Peter pamoja, wamisionari wakamtaka achague moja. Akachagua Johnstone: John mwenyewe, na Petro amefichwa ndani ya neno la Kiingereza la jiwe. Ujanja huo haukuwa wa mtu aliyebandikwa jina akanyamaza, na mwaka 1938, alipotoa kitabu chake kuhusu Wagikuyu, alikuwa ameshajiita Jomo.

Lakini lawama hiyo ikitandazwa juu ya Afrika yote haisimami. Ethiopia ilipokea Yohannes pamoja na Ukristo wake wa kale, na mfalme Yohannes wa Nne alivunja majeshi ya Misri huko Gundet mwaka 1875 na Gura mwaka 1876, kisha akafa vitani Metemma mwaka 1889 akipigana na jeshi la wafuasi wa Mahdi wa Sudan. Huko Kongo, mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa mwaka 1491 akajiita João, kwa heshima ya mfalme mwenzake wa Ureno, wakati Wareno walikuwa wageni wake tu. Miaka michache baadaye aliurudia mwenendo wa mababu, kwa hiari yake vile vile. Ni katika nchi ambayo leo inabeba jina la ufalme huo ambako hoja ya kuyafuta majina haya ilijaribiwa kwa nguvu za dola: mwaka 1972 Rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, naye mwenyewe akaacha Joseph-Désiré. Marufuku ilidumu takriban miaka 18. Mmoja wa matajiri waliokuwa karibu naye, Bemba Saolona, aliendelea kujulikana kwa Jeannot, yaani Jean mdogo. Mwanawe, aliyekuwa na umri wa miaka 9 amri ilipotoka, aliapishwa mwaka 2003 kuwa mmoja wa makamu wanne wa rais wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa jina la Jean-Pierre.