Jiwe la nyuma ya mkono wa santuri

Leo tuweke kompyuta kando. Mwaka 1948 Columbia ya Marekani ilitoa santuri ya vinyli yenye mifereji myembamba, ambayo sindano nzito za zamani zingeichimba. Jiwe linalosawazisha mkono likawa jambo nyeti. Rega ya Uingereza ilipoleta mkono wa RB300 mwaka 1983, wapenzi wa santuri wakaanza kuubadilishia jiwe, wakiweka zito zaidi. Kwa nini?

Piga hesabu. Gramu 100 kwa milimita 40 kutoka kwenye egemeo husawazisha sawa na gramu 160 kwa milimita 25. Ila ugumu wa kuligeuza jiwe ni uzito mara umbali mara umbali: 160,000 dhidi ya 100,000. Mkono unakuwa mwepesi kufuata santuri iliyopinda.

Nimebadilisha langu. Wimbo wa marehemu baba uliokuwa ukiruka, jana nimeusikia hadi mwisho.