Mwingereza, Mtemi na Siwa

Mwezi Septemba mwaka 1871 msafara wa Henry Morton Stanley ulitoka Tabora ukashika njia ya kusini-magharibi, kwa kuwa Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa amefunga njia ya kawaida ya kwenda Ujiji. Ukapita Ukonongo, katika misitu ambayo sehemu yake kubwa leo imo ndani ya Mkoa wa Katavi. Mapema mwaka uliofuata Stanley alirudi Tabora kwa njia za huko huko kusini, safari hii akiandamana na David Livingstone. Mwulize mtu yeyote leo pale stesheni ya Mpanda watu hao walikuwa nani, naye atakujibu bila kusita: Waingereza wawili.

Jibu hilo, wapenzi wa lugha, ni sahihi kwa Kiswahili na si sahihi kwa historia. Livingstone alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Blantyre. Stanley alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, akajitangaza kuwa Mmarekani, na gazeti lililomtuma lilikuwa la New York. Hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa England. Jina “Mwingereza” tulilipata kwa Wareno, waliokuwa wakiwataja watu wa England peke yao, nasi tukalitandaza kama mkeka hadi likawafunika watu wa mataifa manne. Mwanafunzi wa lugha anayetaka kuielewa dola ile aanzie hapo, kwa kuukunjua mkeka huo.

England na Uskoti zilikuwa falme mbili zilizopigana mara nyingi. Mwaka 1603 zilipata mfalme mmoja, James, lakini kila nchi ikabaki na bunge lake. Mabunge hayo yaliunganishwa mwaka 1707. Ayalandi iliingizwa mwaka 1801, na sehemu yake kubwa ikajitoa mwaka 1922. Mwaka 1999 Uskoti ilipata tena bunge lake la mambo ya ndani, Wales nayo ikapewa baraza lake. England, iliyo kubwa kuliko zote, haina bunge la peke yake hata leo. Mambo yake huamuliwa na bunge la muungano mzima.

Msomaji wa Tanzania hahitaji kufafanuliwa sana hali hiyo. Tangu tarehe 26 Aprili 1964 tunaishi katika muungano ambao Zanzibar ina serikali na Baraza lake la Wawakilishi, ilhali Tanganyika haina. Mwaka 1977 mbunge mmoja wa Uskoti, Tam Dalyell, aliuliza kwa haki gani wabunge kutoka Uskoti wangeendelea kupiga kura juu ya mambo ya England peke yake, iwapo nchi yao ingepata baraza lake na wenzao wa England wasiweze kugusa mambo ya Uskoti. Badilisha majina mawili tu katika swali hilo, utadhani limetoka katika mijadala yetu ya katiba.

Tuje kwenye neno “mfalme”. Sisi washairi tumezoea kulitumia kwa mwenye amri isiyopingwa. Historia ya England kwa sehemu kubwa ni kisa cha kulipunguza neno hilo. Mwaka 1215 makabaila walimlazimisha Mfalme John akubali kwa maandishi kwamba naye yu chini ya sheria. Mwaka 1649 Charles wa Kwanza alikatwa kichwa baada ya vita kati yake na bunge. Mwaka 1689 ikaandikwa wazi kwamba mfalme hatatoza kodi bila ridhaa ya bunge. Mambo hayo hayajakusanywa katika kitabu kimoja kiitwacho katiba, maana Uingereza haina kitabu hicho. Ina sheria zilizotungwa nyakati mbalimbali, hukumu za mahakama, na desturi ambazo watu huzifuata kwa sababu waliotangulia walizifuata.

Desturi isiyoandikwa ndiyo iliyotawala Ukonongo pia. Jina “mtemi”, linalotumika kuanzia Usukuma na Unyamwezi hadi huku, kwa kawaida huelezwa kuwa latokana na kutema, yaani kukata: wengine husema ni kukata pori ili watu wapate makazi, wengine kukata shauri. Maana zote mbili zamwonyesha mtu wa kazi na wajibu, aliyezungukwa na wazee wenye sauti.

Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Umoja wa Mataifa wa wakati ule, mwaka 1922, walirithi utaratibu wa Wajerumani wa maliwali, maakida na majumbe. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925 akitokea Nijeria, aliugeuza. Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 iliwarudishia watemi mahakama, hazina na kazi ya kukusanya kodi. Kwa maneno, mtemi alirudishiwa heshima yake. Kwa vitendo, aliyeweza kumweka na kumwondoa sasa alikuwa serikali, na kodi aliyoikusanya ilitozwa watu wasiokuwa na mbunge hata mmoja. Mwaka huo huo wa 1926 lilianza Baraza la Kutunga Sheria mjini Dar es Salaam, nalo halikuwa na Mwafrika hadi mwaka 1945, walipoteuliwa Mtemi Kidaha Makwaia wa Usukuma na Mangi Abdiel Shangali wa Machame. Lile ambalo raia wa England walilipata mwaka 1689, la kutotozwa kodi bila kauli ya bunge, halikupanda meli kuja huku.

Katavi ilionja utawala huo kwa namna yake. Nchi ilikuwa na mbung'o wengi na ugonjwa wa malale. Serikali iliamua kuwahamisha watu waliokuwa wametawanyika misituni na kuwakusanya katika makazi ya pamoja, Uruwira ikiwa mojawapo, ili pori lifyekwe na wagonjwa waonekane. Daktari aliutazama mpango huo kwa hesabu ya walionusurika. Mkonongo aliyeacha mizinga yake na makaburi ya babu zake aliutazama kwa macho mengine, na amri aliyoisikia ilipitia kinywani mwa mtemi wake. Naona hapo ndipo neno “mtemi” lilipoumizwa zaidi: mkata pori kwa ajili ya watu wake akawa mpeleka amri za mwingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 ilianza kutandikwa reli kutoka Kaliua, kiasi cha kilomita 210, kwa ajili ya mgodi wa risasi wa Mpanda. (Lugha yetu ina kejeli zake: madini na kile kitokacho kwenye mtutu wa bunduki ni neno moja.) Pamoja na mgodi ukaja mji, na pamoja na mji akaja Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Cheo hicho sasa tunakiita Mkuu wa Wilaya katika maandishi rasmi. Katika mazungumzo ya sokoni, hata hivyo, Mpanda kama kwingineko, utasikia “Diisii”. Watemi waliondolewa kisheria mwaka 1963. Herufi mbili za kikoloni zimesalia vinywani.

Na Kiswahili chenyewe tunachoandikia hapa hakikuwa nje ya mambo hayo. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1930 chini ya serikali hizo hizo za Kiingereza, ndiyo iliyosimamia usanifishaji kwa msingi wa Kiunguja. Lakini maneno ya dola yalikuwa yametangulia: “serikali” ni la asili ya Kiajemi, “dola” na “sheria” ni ya Kiarabu. Mwingereza alikuta nyumba ina samani tayari.

Ndiyo maana napenda sana neno “siwa”. Katika Bunge la Uingereza kuna rungu la fedha lililopakwa dhahabu, alama ya mamlaka ya mfalme. Lisipowekwa mezani, kikao si halali. Mwaka 1653 Oliver Cromwell alipolivunja bunge kwa nguvu, aliamuru rungu hilo liondolewe kama kitu cha mchezo. Tulipourithi utaratibu huo, wafasiri wetu hawakuliita rungu. Walikumbuka baragumu la kifalme la mwambao, lile la pembe za ndovu la Pate na lile la shaba la Lamu, lililopulizwa katika shughuli za watawala na harusi za wenye nasaba. Leo Mpambe wa Bunge huingia Dodoma amebeba Siwa. Halipulizwi, lakini jina limebeba karne kadhaa za historia ya Waswahili juu ya desturi ya London.

Urithi mwingine umejificha zaidi. Ibara ya 62 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 yasema Bunge lina sehemu mbili, Rais akiwa mojawapo. Wengi hushangaa, kwani Rais hakai bungeni. Kule Uingereza sheria hutungwa na Mfalme pamoja na mabaraza mawili, la makabaila na la watu wa kawaida. Tulipoacha ufalme, tarehe 9 Desemba 1962, Rais aliketi katika kiti kilichokuwa cha Malkia.

Cheo cha Waziri Mkuu nacho kilikufa siku hiyo, kikafufuka mwaka 1972. Mwezi Februari 2008 kilimwangukia Mizengo Pinda, mbunge wa Mpanda Mashariki, wilaya iliyokuwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa. Alikishika hadi mwaka 2015, akijibu maswali ya wabunge siku za Alhamisi kwa mfano wa London. Ila jina moja lisitudanganye. Uingereza, Waziri Mkuu akishindwa kwa kura ya imani, serikali yote imeanguka. James Callaghan alishindwa hivyo mwaka 1979 kwa kura moja tu, 311 kwa 310, nchi ikaenda kwenye uchaguzi. Aprili 2012, baadhi ya wabunge wetu walipokusanya saini dhidi ya Pinda, aliyekuwa hatarini ni yeye. Rais angebaki na kuteua mwingine.

Nalo neno la mwisho la kuwekwa mezani ni la wapinzani. Mwaka 1826 John Cam Hobhouse alifanya mzaha bungeni kwa kuwaita “upinzani wa Mfalme”, na mzaha ukawa cheo: hadi leo huitwa Upinzani Mwaminifu wa Mfalme, yaani wanaoipinga serikali bila kuacha kuwa waaminifu kwa dola. Wafasiri wetu walimwacha Mfalme, jambo la haki. Lakini waliacha pia “Mwaminifu”, wakaweka “Rasmi”: Kambi Rasmi ya Upinzani Bungeni.